Nane Yangu Isiyofunga Mdomo

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea. Nilisoma shule ya msingi tu, na mkono wangu ni mzito. Ukurasa huu niliuanza mama alipoweka maharage jikoni, na sasa maharage yameiva, yameliwa, na sufuria imeoshwa. Lakini usinionee huruma. Huo uzito wa mkono ndio habari yenyewe ninayotaka kueleza, na ni habari ya furaha, ingawa ndani yake kuna siku mbili tatu ambazo sikucheka.

Nilikuwa darasa la tano hapa Kasongo, katika shule ya kanisa, na nilikuwa darasa la tano kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilipata arobaini na saba juu ya mia, na kwetu anayepita ni mwenye hamsini. Pointi tatu tu zilinirudisha. Shuleni kwetu mtoto aliruhusiwa kurudia darasa mara moja. Akishindwa tena, direktere, mkuu wa shule, alimpa mzazi buletini yenye pointi za mtoto na kumwambia amtafutie mtoto kazi nyingine. Kazi yangu ilikuwa imekwisha kutafutwa. Shangazi yangu wa Wamaza alikuwa na shamba la karanga na hakuwa na binti wa kumsaidia. Nampenda shangazi, na karanga zake nazipenda zaidi, lakini mimi nilitaka darasa la sita.

Baba alisema mbele ya wote siku nilipoleta ile buletini: "Mwaka unaokuja, hamsini ao Wamaza."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anachambua majani ya sombe, yale ya muhogo. Hakuinua kichwa. "Makumi tano haiko mbali na ile iko nayo," alisema. Bibi hajui kusoma, lakini mambo ya pointi anayajua vizuri.

Cha ajabu ni kwamba hesabu nilizijua. Shida ilikuwa kuzitoa kichwani na kuziweka mahali pa kuonekana. Kila asubuhi tulianza na hesabu za kichwa, kila mtoto na kibao chake cheusi na kipande cha chaki. Mwalimu wetu, mwanamume mrefu mwenye koti moja la kijivu, alisoma hesabu mara mbili, kisha akagonga meza kwa rula. Pigo la kwanza, fikiri. Pigo la pili, andika. Pigo la tatu, inua kibao, na asiandike mtu tena. Vibao sitini vilipanda pamoja, na mwalimu alivipitishia macho kama mtu anayehesabu kuku zake jioni. Wenzako wote waliona ulichoandika, nawe ukaona chao. Hapakuwa na pa kujificha.

Kibao changu kilipanda na nusu ya jibu. Jibu likiwa arobaini na nane, kilipanda na nne nzuri sana, na nane ambayo haijafunga. Nane yangu naianza juu, nashuka, nazunguka chini, na kabla sijarudi juu, rula ilikuwa imegonga.

"Weye wa benchi ya pili," mwalimu alisema siku moja, "nane yako inafungua mdomo. Inangoja kulishwa?"

Darasa lilicheka, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Sikuwahi kumjibu mwalimu neno. Hata leo nikitumwa kuazima chumvi kwa jirani, nasimama karibu na mlango wake mpaka atoke mwenyewe kwa shughuli zake.

Tulikaa watatu watatu. Kushoto kwangu alikaa binti wa katekista, ambaye aliandika haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua, na kuongea haraka kuliko alivyoandika. Majibu yake yalikuwa na sura nzuri, hata yale mabaya. Kulia kwangu alikaa mvulana aliyetoka Salamabila na mama yake, mwuza vitambaa. Huko alikuwa amekua karibu na meza ya kupimia dhahabu, kwa hiyo namba zenye koma zilikuwa kwake kama mchezo. Mtu akikosea mahali pa koma ubaoni, alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Kwetu huyu amekwisha kuibiwa." Lakini Kifaransa cha maswali kilimpiga chenga. Alijua kupima kila kitu, ila hakujua wanamwuliza apime nini.

Baada ya Noeli mwalimu alileta sheria mpya. Kila Ijumaa, kwenye interogasio, jaribio la hesabu la wiki, benchi moja itapewa karatasi moja na biki moja. Maswali tisa. Kila mmoja wetu ataandika matatu kwa mkono wake mwenyewe, na pointi zitakuwa za wote watatu, zitaingia kwenye buletini ya kila mtu. Alisema ni kwa ajili ya kutufundisha umoja. Sisi tuliona pia kwamba badala ya karatasi sitini sasa atasahihisha ishirini, na siku hiyo alikwenda nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa ya kwanza nilipewa biki mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa katikati. Rula ilipogonga kutuonya kwamba wakati umebaki kidogo, nilikuwa nimeandika swali moja na nusu. Binti wa katekista alininyang'anya biki na kuandika kama mtu anayekimbia mvua, na mvulana wa Salamabila hakuandika chochote. Tulipata tatu juu ya ishirini.

"Miye sijawahi kupata tatu," binti wa katekista alisema tukitoka. "Hata nikiwa mgonjwa. Weye unaandika ao unasuka mkeka?"

"Mwache," mvulana alisema.

"Nimwache namna gani, nimefungwa naye mpaka mwezi wa saba."

Nilikwenda nyumbani nikijua kwamba sasa sijipeleki Wamaza peke yangu, navuta na wengine nyuma.

Ijumaa ya pili walinipa biki mwisho. Tulipata saba. Ijumaa ya tatu mvulana wa Salamabila alimaliza maswali yake mapema, mengine kwa kubahatisha, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya alikaa akautazama mkono wangu. Wakati wa kucheza alikuja na kipande cha mti na kuchora mstatili chini.

"Hii ni karatasi," alisema. "Leo nimekuangalia. Umepewa biki, na kitu cha kwanza umefanya ni nini?"

Nilifikiri. "Nimepiga mstari."

"Umepiga mstari na rula. Halafu?"

"Nimeandika 'Maswali ya mwisho'."

"Halafu ukaomba biki nyekundu kwa benchi ya nyuma, ukapiga mstari mwingine chini yake. Halafu ukaupuliza ukauke." Alimgeukia binti wa katekista. "Umesikia? Ameupuliza."

Binti wa katekista alicheka mpaka akakaa chini. Mimi mwenyewe nilishangaa, maana sikuwahi kujua kwamba nafanya hivyo. Ndivyo nilivyofundishwa darasa la kwanza. Wakati huo tulikuwa bado tunakaa Wamaza, na mwalimu mama aliyetufundisha kule alisema karatasi ni kama uwanja wa nyumba, mgeni anautazama kabla hajaingia. Tuliandika jina la shule, tukalipigia mstari. Tarehe, mstari. Jina, mstari. Somo, mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu. Asiyefanya hivyo alirudishiwa karatasi yake kama ilivyo. Nadhani watoto wengi wa upande wetu walifundishwa hivyo, lakini wengine walikua wakajifunza kufanya haraka. Mimi niliendelea kufagia uwanja kila siku na nyumba sikujenga.

"Anza na majibu," mvulana alisema. "Mistari itakuja nyuma, kama kuna wakati."

"Mwalimu atakataa karatasi isiyo na kichwa."

"Kichwa kitakuwa pale. Utakivalisha mwisho."

Tukaanza kufanya mazoezi, karibu na ukuta wa choo cha wavulana, ambako hakuna aliyependa kukaa. Binti wa katekista alikuwa rula. Aligonga kwa jiwe juu ya kopo, na akagonga bila huruma. Mimi nikamsomea mvulana maswali ya Kifaransa na kumweleza maana yake, polepole, kwa sababu Kifaransa cha vitabu nilikielewa vizuri mradi nisilazimishwe kukisema mbele ya watu. Yeye alituonyesha mahali pa koma. Na tulimkataza binti wa katekista kutoa jibu lolote kabla hajavuta pumzi mara mbili. Hilo lilimchosha kuliko sisi sote.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu tulipata kumi na nane juu ya ishirini. Mwalimu alisoma pointi za benchi zote, na alipofika kwetu alitazama karatasi, akatutazama sisi, akatazama karatasi tena.

"Mulimeza nini?" aliuliza.

"Tumevuta pumzi, Mwalimu," binti wa katekista alijibu.

Hivyo tulifika kwenye egzamen ya mwisho wa mwaka tukiwa na moyo. Egzamen si ya benchi. Kila mtu anakaa mbali na mwenzake, na wengine walitolewa nje na viti vyao chini ya baraza. Mimi nilikuwa barazani. Hesabu ndiyo iliyokuwa na pointi nyingi kuliko masomo yote, maswali arobaini, na nilijua kwamba kwa masomo mengine pekee sitafika hamsini.

Nilianza na jibu la kwanza. Kichwa cha karatasi nilikiacha cheupe kabisa, na mkono uliniwasha kama mtu aliyetoka nje bila kuvaa. Niliandika, nikaandika. Nilipoinua macho nilikuwa swali la thelathini na tisa, na rula ilikuwa bado kimya. Sijui kama umewahi kumaliza kitu ambacho maisha yako yote hukuwahi kukimaliza. Niliandika jibu la arobaini, nikaweka biki chini, na nikakaa nikitazama mbuzi wa paroko wakila majani, nikiwa na furaha. Rula ikagonga. Nikatoa karatasi.

Mchana nilikuwa natwanga sombe na bibi, yeye pigo moja na mimi pigo moja. Mchi ukiwa juu, nikakumbuka. Sikuandika kichwa. Si shule, si tarehe, si somo. Wala jina.

"Mbona umesimamisha mchi hewani?" bibi aliuliza.

Nilimweleza.

"Nenda kwa mwalimu, mwambie," alisema. "Nyumba yake iko pale."

Nilikwenda. Nilisimama karibu na mlango wa mwalimu kama ninavyosimama kwa watu wa chumvi. Mke wake alitoka kuanika nguo, akanisalimu, nikamwitikia, nikarudi nyumbani. Nilimwambia bibi mwalimu hayuko. Bibi alinitazama sana, kisha akaniambia nitwange.

Siku tatu baadaye tuliitwa shuleni kukata majani ya uwanja. Tulipomaliza, mwalimu alituingiza darasani, akakaa juu ya meza yake na karatasi moja ameigeuzia kifuani.

"Niko na karatasi ya hesabu haina jina," alisema. "Imepata thelathini na nne juu ya arobaini. Sheria ya direktere munaijua: karatasi haina jina, ni sifuri. Lakini mwenyewe akisimama, akanionyesha ni yake, nitaandika jina na kukata pointi tano za uzembe. Ni ya nani?"

Mikono minne ilipanda, yote ya watu ambao hesabu ziliwatesa. Wangu haukupanda. Ulikuwa chini ya benchi umeshika mwenzake.

"Mwalimu," binti wa katekista alianza, "mimi najua, ni ya huyu wa—"

"Nimekuuliza weye? Karatasi iko na mama yake. Mama yake aje aichukue."

Aliwaita wale wanne mbele, akawapa chaki, akawaambia kila mmoja aandike nane. Waliandika nane nne za mviringo, zimefunga vizuri. Mwalimu alizitazama. "Nane nzuri sana," alisema. "Mukae." Walikaa, na darasa likawacheka, na mmoja wao akacheka pia.

"Hakuna mwingine?"

Mvulana wa Salamabila alininong'oneza bila kugeuza kichwa. "Kwetu ukiacha dhahabu yako juu ya mizani ukaenda kukojoa, ukirudi iko ya mutu mwingine. Simama."

Binti wa katekista hakusema kitu, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Alinifinya tu pajani, kwa kucha.

Nilisimama. Nadhani zile kucha zilinisaidia kuliko ujasiri.

"Ni yangu," nilisema.

"Wale wa nyuma hawakusikia," mwalimu alisema.

"Karatasi ni yangu, Mwalimu. Nilisahau kuandika jina."

Nikaenda mbele nikachukua chaki. Niliandika nane polepole, kama ninavyoiandika siku zote: nikaanza juu, nikashuka, nikazunguka, nikarudi juu, na mkono ukaishia pale pale unapoishia, kidogo kabla ya kufika. Mdomo wazi. Darasa zima lilipiga makofi kwenye mabenchi. Mwalimu aliigeuza ile karatasi na kuionyesha, na humo nane zangu zote zilikuwa zimeachama kama watoto wa ndege.

"Nane hii naijua tangu mwezi wa kenda," alisema akiandika jina langu juu, bila mstari. "Sauti yako ndiyo sikuwa naijua."

Akakata pointi tano. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilizijumlisha pointi zangu, mara zikafika hamsini, mara hazikufika.

Proklamasio, siku ya kusomewa matokeo, ilifanyika uwanjani, wazazi wamekaa kwenye mabenchi yetu, direktere amesimama na orodha. Kwetu majina husomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho wa waliopita, na hapo orodha inaishia. Usiposikia jina lako, basi. Bibi alikuja na kopo la poda, ile ya kupaka watoto wachanga, tayari kunimwagia kichwani kama watu wafanyavyo mtoto wao akipita. Nilimwomba aiache nyumbani, maana kurudi na kopo lililojaa ni aibu. Alisema kopo ni lake.

"Wa inne," direktere alisoma, na likawa jina la mvulana wa Salamabila. Mama yake alikuwa sokoni. Bibi alipoona hakuna anayemmwagia mtoto, aliinuka akammwagia yeye.

"Bibi, poda ni ya mjukuu wako," mvulana alisema akipangusa macho.

"Inama vizuri."

Wa kumi na tisa alikuwa binti wa katekista. Bibi akainuka tena, ingawa katekista mwenyewe alikuwa pale na poda yake. Kisha pointi alizosoma direktere zikaendelea kushuka. Sitini. Hamsini na nane. Hamsini na sita. Kwa kila jina bibi alimwuliza mama, "Ni yeye?" na mama alijibu, "Bado." Baba alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, anatazama mabati. Hamsini na tatu. Hamsini na mbili. Direktere alikohoa, akageuza ukurasa, na nikasikia jina langu. Hamsini na moja juu ya mia.

Bibi alikuja mbio na kukung'uta kopo juu ya kichwa changu. Kikatoka kiwingu kidogo tu, kama moshi wa mtu mmoja anayevuta tumbaku. Poda ilikuwa imekwisha kwa wale wawili. Bibi alitazama ndani ya kopo, akapiga kitako chake, hakikutoka kitu.

"Sasa huyu atajulikana namna gani kama amepita?" alisema.

Binti wa katekista akaja akainamisha kichwa chake cheupe na kukisugua kwenye changu, nguvu, kama anayesafisha sufuria. Mvulana wa Salamabila akafanya hivyo upande wa pili. Tulirudi kupitia sokoni sote watatu tukiwa weupe nusunusu, na baba nyuma yetu alikuwa akimweleza kila mtu aliyemsalimu kwamba hamsini na moja ni zaidi ya hamsini.

Darasa la sita nililimaliza, na jina langu nikaliandika. Sasa najifunza kushona kwa mama mmoja karibu na soko. Vitundu vya vifungo ananiachia mimi vyote, maana anasema havitaki haraka. Binti wa katekista yuko sekondari na anaongea zaidi. Mvulana alirudi Salamabila, na kila akipata pikipiki ya kuja huku hunitumia salamu kwa mdomo wa dereva, kwa sababu kuandika anasema ni kazi yangu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, niandikie. Mpe barua yule aliyekupa kurasa hizi, atajua kunifikishia. Nieleze ulikaa kati ya nani na nani darasani, na kitu gani walikuona unafanya ambacho weye mwenyewe hukujua. Usiogope mwandiko mbaya, na mistari myekundu iache. Nitachelewa kujibu, hilo nakuambia mapema. Ukisahau jina lako, andika nane moja mahali popote kwenye karatasi, nami nitajaribu kukutafuta.